Mama Kucha na Barua za Alhamisi

Ndugu wafiwa, majirani, walimu wa zamani na wa sasa, na ninyi wanawake wazima mliokaa safu ile ya kushoto, ambao wengi wenu nawakumbuka mkiwa na sare na magoti yenye vumbi, poleni kwa msiba, na asanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja. Mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, na kazi yangu kabla ya kustaafu ilikuwa kupiga chapa mahakamani, ndiyo maana kila anapofariki mtu mtaani kwetu naletewa mimi karatasi nimpangie historia yake. Nimepanga nyingi, na katika hizo zote sijawahi kukutana na marehemu mkorofi, mvivu wala mchoyo, wote walikuwa wapole, wacheshi na wapenda watu, mpaka nikawa najiuliza hawa wanaotusumbua mtaani huwa wanakwenda kufia wapi. Leo zamu imefika nyumbani kwangu, nami naomba mnivumilie.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 22 Agosti 1949, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha pili kutoka bombani, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mlinzi wa ghala la reli na mkewe. Mama yetu alikuwa mgonjwa wa kifua, hivyo sisi tuliofuata nyuma tulilelewa na dada, yeye ndiye aliyetupikia, akatuogesha na kutukagua kabla hatujatoka mlangoni, na mimi binafsi nilipita mikononi mwake mpaka nilipotimiza miaka saba, alikuwa anasugua shingo ya mtu kama anasugua sufuria lililoungua, ukilia anakuongezea sabuni.

Alianza darasa la kwanza mwezi Januari 1957 na kumaliza la nane mwezi Desemba 1964, akiwa wa nne kati ya wanafunzi thelathini na wanane, na alitamani sana kuwa muuguzi, lakini uwezo wa nyumbani ulikuwa wa kumsomesha mtoto mmoja tu, na aliyesomeshwa alikuwa kaka yetu mkubwa, ambaye amekaa hapa mbele. Dada hakununa, alikaa nyumbani akimuuguza mama, na mwaka 1967 na 1968 alihudhuria mafunzo ya ulezi wa watoto, akarudi na cheti chenye alama ya juu kabisa katika somo la kutandika vitanda, jambo ambalo lilitupa kicheko cha mwezi mzima, baba akisema mtoto wake amesomea usingizi.

Tarehe 1 Februari 1971, siku ya Jumatatu, aliajiriwa kuwa matroni, yaani mlezi wa bweni, katika shule ya bweni ya wasichana wadogo, wale wa darasa la tatu hadi la saba, na huko ndiko alikotumia miaka thelathini na mitatu ya maisha yake. Bweni lake lilikuwa moja, refu, lenye madirisha kumi na mawili na vitanda sitini na vinne vya chuma, kila kitanda na namba yake iliyopakwa rangi nyeupe kwenye mguu, na chumba chake kilikuwa mwishoni, karibu na stoo ya mablanketi, chenye dirisha dogo la kutazamia ndani.

Wiki ya shule ile niliijua kama ninavyoijua sala, maana dada alikuwa akiisimulia kila akija likizo. Jumatatu kabla ya gwaride ulikuwa ukaguzi, wasichana wananyoosha mikono mbele, dada anapita na mkasi mdogo, kucha, masikio, kola, na hapo ndipo alipopata jina la Mama Kucha, jina alilojifanya halijui wakati mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa akilitumia. Jumanne ilikuwa siku ya kufua shuka, naye aliamka kabla ya kengele kugeuza na kuanika magodoro ya wale waliokojoa, akaweka makavu mahali pake, wenzao wasijue, na kama katika safu ile ya kushoto yumo aliyekuwa akishangaa mbona kitanda chake kilikuwa kinakauka chenyewe, basi amekwisha kupata jibu. Jumatano ilikuwa michezo, netiboli kwa wakubwa na kuruka kamba kwa wadogo, na Jumatano pia ndiyo iliyokuwa siku ya magonjwa, vichwa, vifundo, matumbo, yote yalizuka saa nane mchana na kupona saa kumi na moja, kwa hiyo dada alikuwa na dawa moja ya Jumatano, kikombe cha maji ya moto, na alijisifu kwamba haijawahi kushindwa. Ijumaa walipiga deki, Jumamosi walisukana nywele barazani kwa mstari, kila mmoja akiwa kati ya magoti ya mwenzake kama mabehewa, na Jumapili baada ya ibada walikaa chini kushona vifungo.

Alhamisi nimeiruka kwa makusudi, nitaifikia.

Marehemu alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 7 Agosti 1976, na fundi bomba wa shule hiyo hiyo, mwanamume wa maneno machache ambaye katika muhula mmoja alilitengeneza bomba la bweni mara sita, mpaka wasichana wenyewe wakang'amua kwamba kilichoharibika hakikuwa bomba. Walijaaliwa watoto wawili wa kike, wa kwanza mwaka 1977 na wa pili mwezi Februari 1979, wote wako hapa na wajukuu zake watano, na shemeji yetu alitangulia tarehe 3 Novemba 2009. Ilikuwa ndoa ya utulivu, sijasikia hata siku moja wakipandishiana sauti, na namshukuru shemeji kwa kumtunza dada yetu, ingawa kuna jambo moja ambalo hata yeye hakuambiwa.

Nimefika Alhamisi. Kaka, nimekusikia ukikohoa, na najua kwamba karatasi uliyoipitisha juzi kwenye kikao cha familia haina haya ninayotaka kusoma, wewe mwenyewe uliyapigia mstari mwekundu na kuniambia, "Marehemu hasemwi vibaya, na wewe usituvue nguo mbele za watu." Nilipiga chapa nakala safi kama ulivyoagiza, iko kwenye mkoba wangu, ni nzuri, haina kosa hata moja, lakini ninayosoma ni ile ya kwanza, na nitakueleza kwa nini, na ukitaka kunigombeza utanigombeza tukishazika.

Alhamisi, saa tisa hadi saa kumi alasiri, ilikuwa saa ya barua. Wasichana walikaa madarasani, ubaoni pameandikwa mwanzo wa barua, wazazi wangu wapendwa, mimi ni mzima, hofu ni kwenu, kisha kila mmoja anaendelea mwenyewe, na barua zinakabidhiwa wazi, bila kufungwa, kwa matroni, naye anazisoma zote sitini na nne kabla hazijapelekwa posta Ijumaa asubuhi. Iliyokuwa na manung'uniko, chakula kibaya, nimepigwa, naumwa, nataka kurudi nyumbani, ilirudishwa kwa mwandishi aandike upya, na kazi hiyo ilikuwa na jina pale shuleni, iliitwa kusafisha barua. Mwalimu mkuu wa wakati ule, ambaye naye ametangulia, alikuwa na sababu yake, alisema kilio huambukiza kama upele, baba mmoja akija Jumamosi kumchukua binti yake, Jumapili bweni zima linalia, na watoto hawa wakivuka majuma matatu ya kwanza huzoea. Dada aliamini hivyo pia, na kusema kweli mara nyingi ilikuwa hivyo, walizoea.

Katika kitanda namba kumi na saba alikuwepo msichana wa darasa la nne, mwenye miaka tisa, mwembamba, ambaye wenzake walimwita Kiroboto kwa sababu hakuna aliyemshinda kuruka kamba. Jumatatu ya tarehe 6 Juni 1988, kwenye ukaguzi, alimwambia dada kwamba tumbo linamuuma, Jumatano akakaa kando ya uwanja akijishika ubavu huku wenzake wakiruka, na dada, kwa kuwa ilikuwa Jumatano, akampa maji ya moto. Siku hiyo hiyo ya Jumatano dada aliomba ruhusa ya saa mbili, akampeleka binti yake wa pili, aliyekuwa wa umri ule ule, kung'olewa jino, na hili silisemi kumuumiza mpwa wangu, nalisema kwa sababu dada aliniambia nisiliache.

Alhamisi, tarehe 9 Juni, Kiroboto aliandika barua ya ukweli. Dada aliisoma, akamrudishia, akamwambia aandike safi, na mtoto, kwa kuwa alikuwa msikivu, akaandika nyingine mistari mitano, kwamba yeye ni mzima, kwamba wanasoma vizuri, kwamba jana walicheza netiboli. Ile ya kwanza ilipaswa kuchanwa, dada akaitia mfuko wa aproni akikusudia kuichana baadaye, na ile ya pili ikapelekwa posta.

Jumamosi homa ilipanda, Jumapili baada ya ibada mtoto aliacha kusema, gari la shule lilikuwa gereji, dada akambeba mgongoni mpaka barabara kuu na kusimamisha gari la kusambaza maziwa. Hospitalini daktari aliuliza maumivu yalianza lini, dada akajibu, "Jana." Kidole tumbo kilikuwa kimekwisha kupasuka, mtoto akafariki Jumatatu, tarehe 13 Juni, saa tano asubuhi, na daktari, ambaye hakujua anazungumza na nani, alisema wakati anavua glovu kwamba tumbo lile halikuanza jana, na kwamba angeletwa Alhamisi, hata Ijumaa, asingekufa.

Barua safi ilimfikia mama yake Jumatano, siku moja baada ya maziko. Alikuja shuleni nayo mkononi, akaingia ofisini kwa mwalimu mkuu, walimu watatu wakiwepo na dada akiwa amesimama karibu na kabati, akauliza swali moja tu, mwanangu ameniandikia Alhamisi kwamba ni mzima na amecheza netiboli, Jumatatu amekufa, kimetokea nini? Mwalimu mkuu akajibu kuwa ni ugonjwa wa ghafla, kisha akamgeukia dada, akamuuliza, "Si ndivyo, matroni?" Dada akatikisa kichwa kukubali, barua ya kwanza ikiwa ndani ya aproni aliyoivaa.

Hapa ningependa kuwaambia kwamba baadaye alisimama akaupinga utaratibu ule, na ningekuwa ninapanga historia ya mtu mwingine ningeandika hivyo. Hakusimama. Aliomba tu aondolewe kwenye kazi ya barua, akasema macho yanamsumbua, akapewa stoo ya mablanketi kama nyongeza, na barua zikaendelea kusafishwa na mtu mwingine kwa miaka kumi na mmoja zaidi, mpaka utaratibu ukafa wenyewe. Yeye aliendelea kukata kucha na kuanika magodoro, ila kile kikombe cha Jumatano hakukitoa tena, mtoto akisema tumbo alipelekwa zahanati hata kama alikuwa anacheka, na wakubwa wake wakaanza kumwona mwoga. Alistaafu tarehe 30 Juni 2004, akapewa saa ya ukutani na hotuba nzuri, na katika hotuba ile ilisemwa kwamba hajawahi kupata dosari kazini, mimi nilikuwepo, nilipiga makofi, na nilimwona akitazama sakafu nikadhani ni unyenyekevu.

Mwaka 2006, akipita nyuma ya soko, alimwona mama yake Kiroboto ameketi mbele ya cherehani katika chumba chenye mlango wa bluu, akamtambua, ila mama hakumtambua yeye, maana walionana mara moja tu na siku ile macho ya mama hayakuwa ya kutazama sura za watu. Tangu hapo dada akawa mteja. Sisi nyumbani tulishangaa mbona magauni yake yanafumuka pindo kila baada ya miezi michache, tukamtania kwamba anatembea kama ngamia, kumbe alikuwa anayafumua mwenyewe kwa wembe ili apate sababu ya kwenda, na kila akienda alikuwa amedhamiria kusema, na kila akifika anatoa gauni, anakaa kwenye benchi, anazungumzia mvua, anarudi. Alifanya hivyo miaka kumi na mitatu.

Siku moja, bila kuulizwa, yule mama alimsimulia habari za mwanawe. Alisema, "Muhula ule nilimwambia, ukienda usiniandikie barua za kulia, mimi nina mtoto mchanga, sina pa kukimbilia na machozi yako. Basi akanitii. Aliumwa akanificha, akaniandikia ni mzima. Nilimfunga mdomo mwenyewe." Dada akachukua gauni lake akaaga. Alifika kwangu akakaa kitini mpaka jioni bila kuvua viatu, nikamuuliza ana nini, akaniambia yeye ni mzima, nami nikapika chai nikadhani ni uchovu.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwezi Machi 2019 dada alianza kupungua mwili, akawaficha binti zake, akanificha na mimi, kila ukimpigia simu yeye ni mzima, hofu ni kwenu, mpaka Septemba alipoanguka jikoni na hospitali ikagundua saratani ya tumbo iliyokwisha kusambaa. Alilazwa mara tatu. Tarehe 20 Desemba, akiwa na akili zake timamu, aliniambia nifungue bahasha iliyokuwa na barua yake ya ajira, nikakuta ndani yake karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, ile barua ya kwanza, akanieleza yote niliyowaeleza, akaomba iende kwa mama aliyeandikiwa, na isomwe hadharani siku ya maziko yake, kwa sababu uongo aliuthibitisha mbele za watu. Nilimwambia ampelekee mwenyewe angali hai, ningemwita gari, ningemshika mkono. Alilia sana, akasema hawezi. Nilikasirika, ndugu zangu, na sijamaliza kukasirika, nilimpenda dada yangu na nilimwogesha katika siku zake za mwisho kama alivyoniogesha yeye, lakini miaka thelathini na mmoja ni mingi mno kumwacha mzazi na mzigo usio wake. Alifariki siku ya Jumanne, tarehe 14 Januari 2020, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini.

Kaka, haya siyasomi kwa ukaidi. Jana nilikwenda kwenye chumba chenye mlango wa bluu, nikampa yule mama barua yake, naye aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, akaisoma tena kwa kidole. Nikamwambia familia inaona si vizuri isomwe mbele za watu. Akaniambia, "Isome. Usiruke neno." Yumo humu ndani, amekaa nyuma karibu na mlango, ameniazima barua kwa kazi hii tu, na tukitoka namrudishia. Nilifanya kazi mahakamani miaka thelathini, naandika maneno ya watu kama walivyoyasema, kwa hiyo nasoma kama ilivyo.

"Mama shikamoo. Mimi sio mzima. Tumbo linaniuma upande mmoja toka Jumatatu, nikitembea linauma, nikilala linauma. Nimemwambia matroni ameniambia ninywe maji ya moto, nimekunywa. Jana sikuruka kamba. Mama najua umesema nisiandike barua ya kulia, lakini sasa hivi silii, naandika tu. Njoo Jumamosi. Ukija njoo na lile sweta langu la zamani sio jipya. Msalimie mtoto. Nakusubiri getini."

Hakumficha mama yake. Alimwita, na sauti ikazuiwa njiani, na aliyeizuia ni huyu tuliyemlaza hapa mbele, ambaye alikuwa dada yangu mpenzi, mama mwema, mke mtulivu na mlezi wa wasichana zaidi ya elfu moja.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi ambaye alimkata dada kucha bila kuombwa, nawashukuru majirani waliotuletea maji, viti na maturubai, wafanyakazi wenzake wa zamani, na dereva aliyempeleka na kumrudisha hospitalini bila kuchoka. Shule imeleta mwakilishi, namshukuru kwa kuja, na sina la kuongeza.

Karatasi hizi huishia kwa kumtakia marehemu mapumziko, nami jana, kabla sijaondoka kwenye kile chumba, nilimuuliza yule mama kama ananiruhusu kumaliza hivyo. Alikata uzi kwa meno, akaniambia, "Mtakie wewe, ni dada yako. Mimi bado."

Basi, kwanza, mtoto wa kitanda namba kumi na saba, popote ulipo, pumzika kwa amani, mama yako sasa amekusikia. Na wewe dada yangu, uliyenisugua shingo nikakua, pumzika kwa amani, nakutakia mimi, yeye bado.